Kukusanya hadithi za ocha, yaani kijijini kwenu, ukiishi Nairobi: mwongozo kamili kuanzia kwa soja wa geti mpaka kurudisha sauti kijijini

Susu wangu, yaani bibi yangu, alikuwa na hadithi ya msichana aliyeolewa na eimu, lile zimwi la kwetu Ukambani, na ndani yake kulikuwa na wimbo, msichana amepanda mtini anaita ndugu zake waje wamwokoe. Nimeusikia huo wimbo utotoni sijui mara ngapi. Mwaka aliofariki nikajaribu kuuimba usiku wa matanga nikapata nina mstari mmoja na kipande, nikauliza mama, hana, nikauliza wajomba, hawana, kila mtu alikuwa anadhani mwenzake ndo anao. Tangu hapo kila Agosti na Disemba nikienda Makueni nabeba rekoda, na watu wengi hapa Nairobi wameniuliza nafanyaje, so nimeamua kuandika yote mara moja. Ni ndefu, soma polepole.

Kwanza kabisa, acha kutafuta hadithi "safi"

Hii naiweka mbele ya hatua zote kwa sababu ndo ilinipotezea miaka miwili. Nilikuwa naenda nikitaka hadithi ya zamani kabisa, isiyo na simu ndani, isiyo na lami, na mzee akichanganya mambo ya juzi namkatiza. Kosa kubwa sana.

Chukua Syokimau. Watu wa Nairobi wengi wanajua ni stesheni ya treni na nyumba za kupangisha, lakini kwetu ni mtabiri, mwanamke anayesemekana aliona nyoka mrefu akitoka upande wa bahari akitema moshi, na watu wenye ngozi kama nyama mbichi wanaobeba moto mfukoni. Reli ilifika Nairobi 1899, kila mtu akasema nyoka ndiye huyo, na moto wa mfukoni ni kiberiti. Sasa mzee mmoja kule chini ya Emali alinisimulia hiyo hadithi, alipofika mwisho hakusimama, akaendelea kwamba nyoka alizaa, na mtoto wake ndo huyu aliyeanza kupita 2017, anapita juu ya nguzo, hatemi moshi mwingi kama mama yake na hasimami kijijini kwao. Mimi nikazima rekoda. Nilidhani hadithi imeisha na sasa anapiga porojo. Leo ningetoa chochote nipate hayo maneno kwa sauti yake, kwa sababu pale ndipo kijiji kilikuwa kinaeleza SGR, ile reli mpya, kwa lugha yake chenyewe. Kama eimu anakuja na gari la Probox, rekodi Probox. Kama sungura ametuma M-Pesa ya uongo, rekodi hiyo pia.

Hatua ya 1: anzia Nairobi, tena usiku

Usikimbilie nauli. Fasihi ya kijijini iko hapa mjini imekaa kwenye kiti cha plastiki. Nenda kwa soja wa usiku wa ploti yenu, wengi wametoka mbali, Kakamega, Kitui, Siaya, Turkana, na kazi yao ni kukaa macho na jiko la makaa mpaka asubuhi. Nilipokuwa naishi mtaa wa Pipeline soja wetu alinipa vitendawili zaidi ya arobaini kwa wiki mbili, bei yake ilikuwa chai ya maziwa kwenye thamosi na kumsikiliza tu.

Wa pili ni wale shosho waliokuja kukaa kwa watoto wao sababu ya hospitali au kulea mjukuu. Mchana kutwa yuko ghorofa ya nne na TV, hamjui jirani, na hakuna mtu amemuuliza kitu tangu afike. Huyo ukimwomba ruhusa vizuri kupitia binti yake atakusimulia mpaka ukose memori. Na mama mboga, na wazee wa chama, na watu wa kanisa lenye ibada ya lugha ya mama. Ukifanya miezi miwili hapa utajifunza kushika rekoda bila mkono kutetemeka, na mara nyingi wao ndo watakuambia kule nyumbani umwone nani.

Kabla hujasafiri pita pia Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue, watu wengi hukutania tu hapo nje, wewe ingia ndani. Kuna ripoti za wilaya za wakati wa mkoloni, zinasaidia kujua barabara ilifika lini, shule ilifunguliwa lini, watu walihamishwa lini. Na uulize vyuoni. Chuo Kikuu cha Nairobi ndipo mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walidai idara ya Kiingereza ivunjwe na masomo ya Kiafrika, fasihi simulizi ikiwemo, yawekwe katikati, na wanafunzi wamekuwa wakitumwa vijijini kukusanya miaka mingi. Inawezekana mtu alishakaa na babu yako kabla hujazaliwa.

Hatua ya 2: tengeneza kalenda ya kijiji

Ukimuuliza nyanya wa miaka themanini hadithi hii uliisikia mwaka gani, unamsumbua bure. Yeye hahesabu hivyo. Kwetu watu wanahesabu kwa njaa, kila njaa kubwa ina jina, ile ya 1984 tunaiita nikw'a ngwete, yaani nakufa nimeshika, pesa iko mkononi lakini chakula cha kununua hakuna. Wengine wanahesabu kwa maziwa ya Nyayo, yale ya bure shuleni enzi za Moi, kwa jaribio la mapinduzi la 1982, na wazee wa Mlima Kenya utasikia "kabla ya Emajensi" au "tukiwa kijijini", wakimaanisha vile vijiji vya kufungiwa watu wakati wa hali ya hatari iliyoanza 1952.

Sasa chukua daftari, kaa na watu wawili watatu wenye kumbukumbu nzuri, muandike: shule ya kwanza lini, kanisa la kwanza lini na ni la dhehebu gani, barabara, redio ya kwanza ilikuwa kwa nani, mashamba yalipimwa lini na watu wakaweka ua, stima, simu, stesheni ya lugha ya mama ikaanza kushika lini. Ukurasa mmoja tu unatosha. Baadaye mtu akikuambia "tuliacha kusimuliana wakati mashamba yalipokatwa" utajua ni lini na utajua kwa nini, maana watoto wa boma tano walikuwa wanalala kwa bibi mmoja, halafu ua zikasimama katikati. Waluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi ambapo watoto wanakusanyika jioni kusikiliza sigana. Nyumba ikipotea na hadithi inakosa pa kulala. Watu wanalaumu TV peke yake, mimi naona bweni za shule, mashamba kugawanywa, na ule ubao tuliovalishwa shingoni kwa kuongea lugha ya mama shuleni vilifanya kazi kubwa zaidi kabla TV haijafika.

Hatua ya 3: ruhusa

Hapa nenda pole. Wazee wengi wameshaumizwa. Kuna mtu alikuja kwetu na kamera nzuri, akarekodi kina mama wakicheza kilumi, ngoma ya Wakamba, siku nzima, akaahidi kurudi na picha, hajarudi mpaka leo, na mmoja wa wale kina mama ameshafariki. Ukienda baada ya mtu kama huyo unabeba deni lake.

Utaratibu wangu: napiga simu kwa mtu wa familia kwanza, halafu nikifika naenda kwa mzee wa kijiji au naibu wa chifu najitambulisha, mimi ni mtoto wa nani, wa mbari gani, nimekuja kufanya nini. Halafu ndo nyumbani kwa msimulizi, mkononi sukari, majani ya chai, mkate, na kama anavuta ugoro basi ugoro. Siku ya kwanza sirekodi chochote. Narudi.

Na sheria ipo, usidharau. Katiba ya 2010 Kifungu cha 11 inatambua utamaduni kama msingi wa taifa, halafu kuna sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inayosema jamii ndo wenye mali na lazima wakubali wakijua wanakubali nini, na faida ikipatikana igawanywe kwa haki. Sauti na jina la mtu pia ni data yake chini ya sheria ya 2019 ya kulinda data. Kama unafanya utafiti rasmi, chukua kibali cha NACOSTI, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, kabla ya kuanza.

Kwa vitendo, ruhusa nachukua kwa sauti, si kwa karatasi ya kutia kidole gumba, karatasi inawatisha kwa sababu ya mambo ya title deed, hati za mashamba. Nawasha rekoda nasema kwa lugha yake: leo ni tarehe fulani, niko na fulani, nataka kurekodi hadithi zake, nitaziweka mahali fulani, je, nikiweka kwa intaneti ni sawa, jina lako litajwe au lisitajwe, na kuna lolote ungependa nisirekodi? Halafu nanyamaza ajibu mwenyewe. Uliza hayo maswali moja moja. Wengi hukubali rekoda lakini hukataa intaneti, na hilo ni jibu kamili, usiliombe mara ya pili.

Pesa? Silipi kwa hadithi, kwa sababu ukilipa kwa hadithi utaletewa hadithi ishirini na kumi na mbili zimetungwa njiani. Lakini mtu ameacha shamba lake siku nzima, mpe kitu mwishoni kwa heshima, kama mgeni anavyotoa.

Hatua ya 4: vifaa

Simu inatosha kuanza, kweli. Tafuta programu inayorekodi WAV, usitumie voice note ya WhatsApp maana inabana sauti na ikishabanwa hairudi. WAV ya kawaida, maiki moja, 44.1 kHz na biti 16, inakula kama MB 320 kwa saa, ukipanda 48 kHz na biti 24 ni kama MB 520, kwa hivyo futa video za harusi kabla ya safari. Weka simu kwenye hali ya ndege, nilipoteza nusu ya hadithi kwa sababu mtu alinipigia. Maiki ndogo ya kubana kwenye kola ni bei ya chini mjini na inabadilisha kila kitu, ibandike karibu shubiri moja kutoka mdomoni, si juu ya leso inayosugua, na nje kwenye upepo ivalishe kipande cha soksi safi. Beba pawabenki mbili.

Adui mkubwa ni mabati. Mvua ikianza chini ya mabati zima rekoda, kunywa chai, usijidanganye utasafisha baadaye. Halafu redio, kuku, na jirani anayesaga mahindi. Jaribu dakika moja, sikiliza kwa earphone hapohapo, ndo uanze.

Hatua ya 5: siku yenyewe

Hadithi nyingi zina wakati wake. Kwa jamii nyingi hapa Kenya kusimulia mchana ni mwiko, watoto walikuwa wanaambiwa balaa itaingia nyumbani, ukweli ni kwamba mchana kulikuwa na kazi. Ukimlazimisha susu saa tano asubuhi atakupa muhtasari tu, "msichana alienda akaolewa na eimu akaokolewa", imeisha. Nenda jioni, baada ya mavuno, moto ukiwa umewashwa hata kama kuna gesi.

Na usiende peke yako na mashine. Hii naomba uishike sana. Msimulizi anahitaji wa kuitikia. Pwani ukisema Paukwa lazima mtu aseme Pakawa, Mkikuyu akisema Gwata ndaĩ anangoja mtu apokee, na kitendawili kikishinda watu lazima kuwe na wa kutoa mji. Rekoda haitoi mji. Kusanya wajukuu, hata wale wa kuongea Sheng, waketi chini, na umwombe mtu mzima mmoja awe mwitikiaji. Nimerekodi hadithi ileile kwa mama mmoja mara mbili, peke yake ilikuwa dakika nne, mbele ya watoto saba ilikuwa dakika kumi na tisa, ikiwa na nyimbo tatu na sauti ya fisi.

Usianze na "nisimulie hadithi za zamani", atakuambia ameshasahau zote. Anza na wewe, simulia moja, tena uikosee kidogo, hawezi kuvumilia, atakurekebisha. Au uliza vitu vya mwili: mlikuwa mnalala wapi, nani alikuwa anawafunika, mlikuwa mnaogopa nini mkienda kuchota maji. Akishaanza kusimulia funga mdomo. Usiseme "mmh" karibu na maiki, itikia kwa kichwa. Akikwama usimsaidie neno. Kimya cha sekunde kumi si kibaya, mara nyingi ndo wimbo unatafutwa.

Ukikutana na mzee aliyeokoka anayesema hayo ni mambo ya shetani, usibishane naye. Muulize maisha yake tu, ujana wake, alivyookoka. Mmoja alinipa ushuhuda wa saa nzima, na katikati, akieleza alichoacha, akaimba nyimbo nne za ngoma akionyesha ubaya wake. Nilimuuliza mwishoni kama nihifadhi, akasema hifadhi, watu wajue nilitolewa wapi.

Hatua ya 6: maswali manne kabla hujaondoka

Ulisikia kwa nani. Mlikuwa wapi. Ulikuwa na umri gani, tumia kalenda yako ya njaa. Na la nne ndo la dhahabu: mara ya mwisho kuisimulia ilikuwa lini na kwa nani? Hapo ndo mabadiliko yanatoka yenyewe bila wewe kuhubiri. Nimejibiwa "hii ni mara ya kwanza tangu binti yangu wa mwisho aende bweni". Nimejibiwa "jana, kwa simu, mjukuu yuko Qatar". Andika yote.

Halafu tafuta mtu wa pili na wa tatu wa hadithi hiyohiyo. Usichague iliyo "sahihi", ziweke zote tatu.

Hatua ya 7: vya kuacha

Kuna nyimbo za wanawake ambazo mwanaume hapaswi kuzisikia, na za jando ambazo haziimbwi nje. Ukiambiwa, zima. Ukeketaji umepigwa marufuku kwa sheria tangu 2011, kwa hivyo mama akikuimbia nyimbo za wakati huo usiweke jina, kijiji wala mwaka mahali pa wazi, unaweza kumpeleka pabaya. Na hadithi za asili ya ukoo, nani alifika kwanza kwenye mlima gani, hizo zinatumika kwenye kesi za mashamba. Mimi huzirekodi, nazipa familia, sizitoi popote.

Hatua ya 8: usiku uleule

Hata kama umechoka. Hamisha faili kwa laptopu, nakili tena kwa diski ya nje, na ukirudi Nairobi nakala ya tatu iende mahali pengine kabisa, kwa dada au kwenye mtandao, kwa sababu simu inaibiwa kwenye matatu na laptopu inaibiwa nyumbani. Jina la faili lianze na mwaka-mwezi-siku, kijiji, msimulizi kwa kifupi, namba. Usiache "rekodi mpya 14". Andika daftarini nani alikuwepo, moto ulikuwa wapi, nani alicheka wapi. Kesho hutakumbuka.

Hatua ya 9: kuandika sauti

Saa moja ya sauti inaweza kula saa nane za kuandika, jipange. Andika kwa lugha iliyosemwa kwanza, na ĩ na ũ zake kama ni Kikamba au Kikuyu, ukiziacha unaua maneno. Tafsiri ya Kiswahili iwe safu ya pili, usiiruke lugha yenyewe. ELAN ni programu ya bure, inakuwezesha kuweka maandishi chini ya sauti sekunde kwa sekunde, inachosha siku tatu za kwanza halafu inakuwa rahisi. Usipangue sentensi za msimulizi ziwe za kitabu. Akirudia neno mara tano andika mara tano. Nyimbo usizitafsiri peke yako, kaa na mtu wa rika lake, kuna maneno ambayo hata mama yangu hayajui.

Hatua ya 10: rudisha

Wengi wanaishia hatua ya tisa, wanaweka mtandaoni wanasahau. Nunua memori kadi ya GB 16 na spika ndogo ya redio yenye sehemu ya kadi, zile wazee wanabeba shambani. Weka hadithi peke yake, toa maswali yako, hakikisha faili ya kwanza ni ya mtu wa kijiji hichohicho. Familia ya kila msimulizi ipate kadi yake, maana siku ya matanga ndo wataitafuta hiyo sauti. Nakala nyingine, kama wamekubali, zungumza na shule ya karibu, maktaba ya kaunti au Makavazi ya Taifa.

Na namba yako ya simu iandike kwa karatasi ubandike nyuma ya spika kwa selotepu. Baada ya wiki mbili watapiga, watakuambia hadithi ya tatu umeikosea, huyo aliyesimulia alishika mwisho wa kijiji kingine, kuna mwingine juu kule kwenye mlima anayeijua yote, uje. Hivyo ndo nilipata mstari wa pili wa wimbo wa susu, kwa mama mmoja upande wa Mbooni aliyesikia spika kwa jirani. Anasema wa tatu upo, dada yake ndo alikuwa anauimba, ameolewa Kibwezi. Ninaenda Disemba.